Bi Nyakati na Darasa la Juu ya Duka la Simu

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Duniani aliitwa Bi Nyakati. Wanafunzi wake wa kwanza kabisa ndio waliombandika jina hilo, enzi hizo akiwa mwalimu msichana mwenye miguu myembamba na sauti kubwa, kwa kuwa hakuwa na somo jingine ila nyakati za vitenzi: uliopo, uliopita, ujao, na zile nyingine za katikati ambazo Kiingereza kinazipenda na watoto wanazichukia. Jina likamganda kama kupe. Alihama shule, nalo likahama naye. Siku ya kumuaga kazini, mwalimu aliyepewa kusoma hotuba alifika penye jina lake halisi akakwama, akainua macho na kuuliza, "Jamani, huyu ni nani?" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Naye alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Maisha yake mengine yalikuwa nyumbani, kwa mama yake. Mama alipooza upande mmoja siku zile ambazo Bi Nyakati bado alikuwa akiletewa posa. Kaka zake wakaoa, mdogo wake akaolewa mbali, na kila aliyeondoka alisema maneno yaleyale: "Wewe uko na Mama, tunashukuru sana." Shukrani zikazidi wachumba. Posa zikapungua, kisha zikakatika, na yeye hakuona zilipokatika, kama mtu aliyelala asivyojua mvua imeacha kunyesha saa ngapi. Asubuhi alikuwa darasani, jioni kwa mama: kumgeuza, kumwogesha, kumpikia, kumlisha. Ndivyo miaka ilivyokwenda, na wala hakuiona mirefu.

Mwaka uliofuata baada ya kustaafu, mama akafariki. Watu wakaja, wakalia, wakala, wakatawanyika. Nyumba ikabaki na yeye. Akirudi kutoka sokoni alifungua mlango na kuita, "Nimerudi!" kisha akasimama palepale na funguo mkononi, akiona haya peke yake.

"Dada, utaongea na kuta mpaka lini?" mdogo wake alimuuliza kwenye simu.

"Kuta hazibishi," alijibu.

"Ndiyo maana zitakuua."

Ni huyo mdogo wake aliyeona tangazo kwenye simu, kwamba kuna kituo kinatafuta mwalimu wa Kiingereza wa kufundisha watu wazima, mwenye uzoefu, saa za alasiri. Akamtumia. Bi Nyakati akalisoma, akaliacha, akalirudia baada ya kula, na asubuhi yake akapiga pasi gauni lake la kazi.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la kutengeneza simu. Ulipanda kwa ngazi za chuma zilizolia kila ukanyagapo. Viti vilikuwa vya plastiki, ubao ulikuwa mweupe wa kuandikia kwa kalamu ya wino, na kila fundi wa chini alipomaliza kurekebisha spika na kuijaribu, muziki ulipanda ngazi bila kupiga hodi. Mkuu wa kituo alikuwa kijana mwenye tai na haraka nyingi. Mlangoni alikuwa amebandika tangazo kubwa, kwa Kiingereza, kwamba ndani ya chumba hicho lugha ni Kiingereza tu.

"Usiwape nafasi, Mwalimu," alimwambia. "Ukiwaachia Kiswahili kidogo tu, wamekwisha."

Bi Nyakati akaitikia. Hata yeye ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofundisha.

Siku ya kwanza aliingia, akaandika tarehe ubaoni, akageuka kuwatazama. Hakuwahi kuona darasa la namna ile. Mbele kabisa aliketi bibi mmoja mnene, amekumbatia mkoba kama mtoto. Karibu na dirisha alikaa dereva wa teksi aliyezoea kubeba wageni wa hotelini. Huyu Kiingereza kilimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, hakina breki wala kituo. Nyuma yake alikuwa binti wa mapokezi katika ofisi fulani, mwenye mwandiko wa kupendeza na midomo iliyoshonwa. Kulikuwa na muuguzi aliyejiandaa kwa mtihani wa kwenda kufanya kazi ng'ambo. Na kwenye kona, fundi mwashi aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini, simenti ingali kwenye nyusi. Wengine walikuwemo, wa hapa na pale, ila hawa watano ndio aliowakumbuka jioni ile.

Akafundisha kama alivyojua. Akaandika sentensi, akaisoma, akawataka wairudie baada yake. Dereva aliirudia kabla hajamaliza. Muuguzi alipiga miayo kwa adabu, mkono mdomoni. Binti wa mapokezi aliinakili vizuri sana, hakutoa sauti. Bibi alitazama midomo ya mwalimu kama mtu anayetazama samaki ndani ya maji. Fundi mwashi alitazama mikono yake.

Akapunguza mwendo, dereva na muuguzi wakachoka. Akaongeza mwendo, Bibi na fundi wakapotea. Akaamua kupita katikati, na katikati hakukuwa na mtu. Wiki ikaisha hivyo. Viti vikaanza kubaki vitupu.

Siku moja baada ya kipindi, fundi mwashi alimsubiri kwenye ngazi, kofia mkononi.

"Mwalimu, shikamoo. Nimekuja kukuaga."

"Marahaba. Unakuaga kwenda wapi? Tumeanza juzi tu."

"Ndiyo, tumeanza. Ila mimi sijaanza." Akacheka kidogo, cheko la kumpunguzia mwenzake aibu. "Nimekaa pale wiki nzima kama gunia la simenti. Hata gunia lina afadhali, linangojea kazi. Si kosa lako, Mwalimu. Mimi kichwa changu ni zege, limeshaganda."

"Usiseme hivyo. Rudi Jumatatu, nitakusaidia."

"Utanisaidia mimi, na wale wanaoruka utawafunga kamba?" Akavaa kofia yake. "Ubaki salama, mama yangu."

Akateremka, ngazi zikilia chini ya viatu vyake. Bi Nyakati alibaki ameshika reli. Miaka yote ile ya chaki, watoto walikuwa wakishindwa hivyohivyo mbele yake, na yeye akiwaandikia "aongeze bidii". Watoto hawana uwezo wa kuaga. Huyu alikuwa mtu mzima, na ameaga.

Jioni hiyo aliinjika maharage na viazi. Alipika bila kufikiri, na yalipoiva akajikuta anachota upawa mmoja kwenye bakuli dogo na kuanza kuyaponda kwa mgongo wa kijiko, laini, bila ganda. Mkono ulikuwa umefanya ulichozoea kufanya kila siku. Mama hakuwa na meno. Sufuria lilikuwa moja, lakini maharage ya mama yalipondwa, yake yaliachwa na chembe zake, na kaka zake wakija kutembea aliwatilia pilipili. Hakuna siku aliyopika masufuria matatu, na hakuna siku aliyompa mama chakula cha kumshinda akamwambia aongeze bidii.

Akaketi kwenye kigoda na lile bakuli mapajani. Alilia, kwa sababu ya mama na kwa sababu ya yule fundi, na hakuweza kusema kilio kipi ni cha nani. Halafu akala yale maharage yaliyopondwa, yote.

Jumatatu alipanda ngazi na karatasi kubwa aliyoichora mwenyewe. Kuchora hakukuwa fani yake. Ilikuwa picha ya jiko: chungu kimeanguka, maji ya moto yametapakaa, mtoto analia, paka yuko juu ya meza, na mwanamke amesimama mlangoni, mikono kichwani.

"Mwalimu," dereva aliuliza, "huyu mbuzi amepandaje mezani?"

"Ni paka."

"Paka mwenye pembe?"

"Ni masikio, wewe!"

Darasa likaangua kicheko, na hapo ndipo Bi Nyakati alipovunja amri ya mlangoni. Akawaambia kwa Kiswahili: "Kwanza ongeeni kwa lugha yenu. Hapa jikoni kumetokea nini? Gombaneni, kubalianeni. Mkishajua mnachotaka kusema, tutatafuta maneno ya Kiingereza."

Wakagombana kweli. Bibi, ambaye wiki nzima alikuwa hajafungua kinywa, alishikilia kwamba paka hana hatia. Mwenye kosa ni mama aliyeacha chungu ukingoni, na yeye amelea watoto saba, hadanganywi na mchoro. Walipokwisha kukubaliana, Bi Nyakati akagawa kazi, kila mtu na kipimo chake, kwenye picha ileile moja. Bibi alishika kijiti: akitajiwa mtoto, aonyeshe mtoto, akitajiwa maji, aonyeshe maji, kisha ayataje yeye. Dereva asimulie mkasa wote. Binti wa mapokezi aandike anachosimulia dereva, na kuyasahihisha makosa. Muuguzi awe ndiye amepokea mtoto aliyeungua, aulize maswali kama atakavyoulizwa kwenye mtihani: imetokea lini, ameungua wapi, amepewa dawa gani.

Muziki ukapanda kutoka chini, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeusikia.

Haikuwa kazi nyepesi. Kuandaa kipindi kimoja kulimla asubuhi nzima, sakafu ya sebule imejaa karatasi, na mara nyingine mpango ulimvunjikia mkononi. Siku aliyowabadilishia kazi, akampa dereva karatasi asome, mzaha wa dereva ulikauka. Aliigeuza karatasi huku na huku, akasema ameacha miwani kwenye gari. Kesho yake pia miwani ilikuwa kwenye gari. Siku ya tatu Bi Nyakati akaelewa. Yule mtu mwenye Kiingereza kama mafuriko hakujua kukisoma. Alikiokota chote kwa masikio, kutoka viti vya nyuma vya gari lake.

Hakumwambia kitu mbele za watu. Alimwomba abaki, akamwambia, "Nisimulie abiria mmoja aliyekuudhi." Dereva alisimulia, na Bi Nyakati akaandika neno kwa neno, kwa herufi kubwa, bila kusahihisha hata kosa moja. Kisha akamgeuzia karatasi.

"Soma."

"Mwalimu, miwani…"

"Huhitaji miwani. Haya umeyasema wewe sasa hivi. Unajua neno la kwanza ni lipi."

Dereva akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Akalitamka. Akaweka kwenye la pili. Jasho lilimtoka kama mtu anayesukuma gari lililozima. Alipofika mwisho wa sentensi alirudisha kidole mwanzoni, akaipitia tena.

"Kumbe haya ni maneno yangu," alisema. "Na yamekaa tu hapa, hayakimbii."

Binti wa mapokezi naye alifunguka kwa njia ambayo mwalimu hakuipanga. Mbele ya darasa alikuwa akitetemeka. Alikwishachekwa siku moja na bosi wake mbele ya wageni, tangu hapo ulimi ukagoma. Lakini Bi Nyakati alipomwomba amfundishe Bibi majina ya vitu, alianza kunong'ona, kisha kusema, kisha kusema kwa sauti. Mbele ya Bibi hakuwa na cha kuogopa, maana Bibi hakujua kosa ni lipi na sahihi ni lipi. Kila neno alilolisikia alilipokea kwa mikono miwili na kusema, "Ahsante, mwanangu, hilo nalo nimelipata."

Viti vikajaa tena, isipokuwa kimoja. Bi Nyakati alipiga moyo konde akaenda mpaka kwenye jengo alilokuwa akijenga yule fundi mwashi. Alimkuta juu ya jukwaa la mbao, akipiga lipu. Akamweleza kwamba darasa limebadilika, kila mtu anapewa kazi inayomfaa, hata Bibi anasema.

Fundi alimsikiliza bila kuteremka. "Nimefurahi kusikia, mama," alisema. "Lakini nilishaizoea hali yangu. Kutojua nako mtu anakuzoea, kama anavyozoea jino bovu. Ukilitikisa ndio linauma." Akarudi kwenye lipu yake. Bi Nyakati alisimama kidogo kwenye mchanga, akijua kwamba dawa aliyoipata imechelewa kwa mgonjwa wa kwanza. Akarudi alikotoka.

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa moja na ya Bibi, hivyo wakawa wanaongozana jioni. Bibi alitembea taratibu, akisimama kila penye kivuli. Ndipo Bi Nyakati alipojua sababu yake ya kusoma. Binti wa Bibi aliolewa ng'ambo, akazaa huko, na mjukuu hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Likizo ijayo wangekuja wote wawili.

"Kwenye simu ananipungia mkono tu," Bibi alisema. "Namwita, ananipungia. Nikimuuliza kitu, anamtazama mama yake. Damu yangu mwenyewe, na tunahitaji mkalimani kama watu wa mahakamani."

"Unataka kumwambia nini?"

Bibi alifikiri. "Njoo hapa. Umekula? Nani kakuudhi? Umefanana na babu yako, hasa ukinuna."

Tangu siku hiyo Bi Nyakati aliziweka nyakati za vitenzi kando kwa ajili ya Bibi. Walikwenda barabarani wakirudia maneno hayo, na wapita njia waligeuka kuwatazama wanawake wawili wazima wakiulizana kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa, kama wamekula. Neno la kununa lilimshinda Bibi kabisa; akaamua atanuna mwenyewe usoni, mtoto aelewe. Bi Nyakati alikuwa akimsindikiza mpaka mlangoni, ingawa nyumba yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ya kufikiwa kwanza. Bibi hakuuliza kwa nini. Siku nyingine alimwambia tu, "Kaa kidogo, upumzike miguu," naye alikaa.

Mkuu wa kituo alikuja siku moja bila taarifa. Alisimama mlangoni, mgongo kwenye tangazo lake, akasikiliza dereva na muuguzi wakibishana kwa Kiswahili kuhusu maana ya swali. Kipindi kilipoisha akamwita pembeni.

"Mwalimu, watu hawalipi hapa kuja kupiga soga."

"Si soga. Wanapanga watakachosema."

"Wapange kwa Kiingereza."

"Wewe ukiumwa meno," Bi Nyakati alimuuliza kwa upole, "unajiambia unaumwa kwa lugha gani?"

Kijana aligeuka kulitazama tangazo lake.

"Basi waache nao waumwe kwanza. Wakishajua wapi panauma, nitawapa neno la kumwambia daktari."

Mkuu alikaza tai yake, akasema atatazama matokeo mwisho wa kozi. Hakusema mwalimu amekosea, wala hakusema amepatia. Ila tangazo alilibandika upya, kwa gundi nyingi zaidi.

Matokeo yalikuja, na ndiyo yaliyomwacha Bi Nyakati peke yake. Muuguzi alifaulu mtihani, akaleta soda, akakumbatia kila mtu, akaondoka mwezi huohuo. Binti wa mapokezi alipata kazi kubwa zaidi katika mji mwingine. Alimpigia mwalimu simu ya kumshukuru na kuzungumza naye kwa Kiingereza kitupu, bila kutetemeka, na Bi Nyakati alimjibu akiwa amefumba macho ili asikie vizuri. Dereva alipata zamu za usiku za kuwapokea wageni uwanja wa ndege, saa za darasa zikawa saa zake za kulala. Bi Nyakati hakuwa amewahi kulifikiria hilo la kuondokewa alipokuwa shuleni, kwa kuwa watoto walikuja wengine kila mwaka kama maji ya mto. Hapa alimwona kila mmoja akiondoka kwa mguu wake. Na kadiri alivyofundisha vizuri, ndivyo walivyoondoka mapema.

Bibi naye aliacha kuja darasani likizo ilipoanza. Bi Nyakati alivumilia, kisha Jumamosi moja akaoga, akavaa, akaenda kumtembelea. Kabla hajapiga hodi aliwasikia uani. Akachungulia juu ya geti. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, na mbele yake msichana mdogo mwenye nywele za kusokotwa, wanamenya viazi. Bibi alikuwa akisema Kiingereza ambacho kisingepita kwenye mtihani wowote duniani: maneno ya vitu, vitenzi visivyo na wakati, na Kiswahili kikiziba mapengo. Mtoto alikuwa akijibu kwa Kiingereza, na kila baada ya muda akidondosha neno jipya la Kiswahili, na Bibi akimpigia makofi. Halafu mtoto akasema kitu, Bibi akanuna kwa mzaha, shavu limejaa, mtoto akacheka akaanguka chali.

Bi Nyakati alisimama na mkono wake juu ya komeo. Alifurahi, na furaha yenyewe ilimchoma.

Bibi akamwona. "Mwalimu! Unasimama huko kama mdai? Ingia!" Akamwambia mjukuu, kwa Kiingereza na kwa fahari, kwamba huyu ndiye mwalimu wake. Mtoto akamsalimu. Bi Nyakati aliingia, akapewa kisu, akamenya viazi pamoja nao. Mazungumzo yalikwenda na kurudi kati ya wale wawili, na yeye akawa akitabasamu wakitazama upande wake. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa kitu. Alipokuwa anaaga, binti wa Bibi alimsindikiza mpaka getini na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba wameamua kumchukua mama, akaishi nao huko. Umri umekwenda, hawezi kubaki peke yake.

"Ni vizuri," Bi Nyakati alisema. "Mtu hafai kubaki peke yake."

Akatembea kurudi nyumbani, njia nzima, bila kusimama penye vivuli.

Kozi mpya ilianza na watu wapya. Bi Nyakati alichora picha nyingine, paka akawa afadhali kidogo. Jioni alirudi mwenyewe. Mdogo wake alipompigia simu kumuuliza hali, alisema hajambo, kazi inakwenda, na yote mawili yalikuwa kweli. Yaliyobaki hakuyasema, kwa sababu hakujua angeanzia wapi.

Kisha siku moja ya mapumziko, akiwa anafua, simu ililia kwa namba ndefu asiyoijua. Akapangusa mkono kwenye kanga, akapokea. Sauti ikamuuliza kwa Kiingereza kama amekula.

"Bibi!"

"Mimi huyo." Bibi alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Mwalimu, huku nimekuwa mimi ndiye wa mwisho darasani. Mchana binti yuko kazini, mume wake kazini, mtoto shule. Jirani ananisalimu, naye ni mtu mwema, ananisemesha haraka haraka, mpaka niokote neno moja, yeye ameshafika kwake. Nafungua televisheni, wote wanaruka. Nikitoka kununua mkate najua kuuomba, napewa, basi. Siku yangu imekwisha."

"Na mjukuu?"

"Jioni tunaongea, Mungu amjalie. Lakini ni mtoto, Mwalimu. Sitamwambia mtoto mambo yangu."

Bi Nyakati alikaa kwenye ukingo wa karo. Povu lilikuwa likimkauka kwenye viwiko. "Unataka tufanye masomo kwa simu? Naweza kukuandalia. Maneno ya dukani, ya hospitali, ya majirani…"

"Hapana," Bibi alisema. "Hayo nitayapata polepole. Leo sitaki Kiingereza. Wewe ongea tu. Kiswahili. Nataka nisikie mtu anaongea na nisikose hata neno moja."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nitukane, ukipenda."

Bi Nyakati alicheka, na alipocheka alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe uani. Akaanza na darasa jipya. Kuna bwana muuza vioo, alisema, ambaye hujibu "ndiyo" kwa kila swali. Jana kaulizwa kama amekufa, kajibu ndiyo, tena kwa heshima. Bibi huko aliko alipiga kelele za furaha. Kuna mabinti wawili mapacha, mmoja anajua Kiingereza sana na mwingine hajui kabisa, na yule asiyejua ndiye anayesema zaidi. Mkuu wa kituo amepata mchumba, siku hizi hakai kituoni. Mafundi wa chini wamenunua spika mpya, kubwa kama kabati. Akasema kwamba nyumba imekuwa kubwa mno. Hilo hakuwahi kulisema kwa mtu. Akasema kwamba bado akifungua mlango humtolea mama yake taarifa kwamba amerudi.

Bibi hakumpa pole wala hakumpa nasaha. Aliuliza tu, "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Walimuuliza mama anaumwa nini, ametumia dawa gani, amefariki saa ngapi. Bi Nyakati akafungua kinywa na kujibu, na jibu likawa refu, likapanda na kushuka, na lilikuwa na vichekesho ndani yake ambavyo alikuwa amevisahau. Bibi aliguna mahali pa kuguna. Mara mbili alisema, "Rudia hapo," si kwa kutosikia.

Salio lilipokwisha na simu kukatika, sikio la Bi Nyakati lilikuwa limepata joto. Wingu lilikuwa limetanda juu ya paa za majirani. Akainuka, akasuuza nguo zilizobaki, akazianika chini ya upenu ambako mvua haifiki.